Portulaka lupangoni: mwongozo kamili wa kutunza ua la nchi kavu mjini Lubumbashi

Portulaka nyingi zinazokufa Lubumbashi huuawa na maji. Mwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumba, huona majani yamelegea mwezi wa Oktoba, huleta ndoo na kumwagia, kesho yake humwagia tena, na kabla juma halijaisha shina limekuwa jeusi upande wa chini na mmea mzima unang'oka kwa vidole viwili. Ua hili liliumbwa kwa nchi ya jua na mchanga. Anayejua jinsi lilivyoumbwa hufanya kazi ndogo na kupata maua mengi wakati vumbi jekundu limefunika kila jani mtaani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mwili wa mmea, kisha unakwenda kwenye mchanga, mbegu na maji.

Mmea wenyewe

Jina lake la kisayansi ni Portulaca grandiflora. Asili yake ni Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazil, kwenye mchanga na nyanda kavu. Mwaka 1829 William Jackson Hooker alilieleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kibotania, kutokana na mimea ya nchi ile. Hutambaa, na urefu wake ni sentimita 10 hadi 20 tu. Majani ni ya mviringo kama sindano nene, yamejaa maji, na kwenye kila kikwapa cha jani kuna vinyweleo vyeupe. Ua la mwituni lina petali tano na upana wa sentimita 2.5 hadi 3. Ya bustanini mengi yana petali za tabaka nyingi.

Wengi mjini huliita kwa Kifaransa, pourpier, na hapo huingia mchanganyiko, kwa sababu jina hilo ni la gugu pia, Portulaca oleracea, linaloota kando ya njia na ambalo watu wa nchi nyingi hulila kama mboga. Gugu lina majani bapa yenye umbo la kijiko na maua madogo ya njano. Portulaka ya maua usiipike badala yake. Kuna pia aina ya tatu inayouzwa kwenye vyungu, yenye majani bapa lakini maua makubwa. Matunzo yake ni haya haya.

Jinsi linavyoishi bila maji

Mmea wa kawaida hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ukaa, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji hutoka. Mchana wa Oktoba hapa Lubumbashi, joto likiwa limepita nyuzi 30 na hewa ni kavu, mharagwe hulipa gharama kubwa ya maji kwa kila punje.

Portulaka ina njia mbili. Ya kwanza inafanana na ya mhindi na muwa: jani hukusanya hewa ukaa na kuirundika kwa wingi karibu na chembechembe zinazotengeneza sukari, hivyo vitundu havihitaji kufunguka sana. Ya pili huwashwa na kiu. Udongo ukikauka kwa siku kadhaa, mmea huanza kuvuta hewa ukaa usiku, huigeuza kuwa asidi na kuiweka ndani ya majani hadi asubuhi. Jua likitoka, vitundu hufungwa, na kazi ya mchana hufanywa kwa akiba ya usiku. Mimea inayojua njia moja kati ya hizi mbili ni mingi. Inayoweza zote mbili ni michache mno, na portulaka ni miongoni mwake.

Kwa mtunzaji, maana yake ni hii: mmea ulioachwa na kiu kidogo haujaacha kufanya kazi. Umebadilisha zamu. Ukiumwagilia kila siku unabaki kwenye njia ya kwanza, unajaza mwili laini uliojaa maji, na siku bomba litakapokauka juma zima utakuwa dhaifu kuliko jirani yake aliyezoeshwa kiu.

Mizizi nayo ni myembamba na haiendi chini sana. Hunyakua mvua ndogo kabla haijakauka juani. Mizizi ya namna hiyo inahitaji hewa, na ikizama kwenye tope kwa siku mbili tatu, kuvu huingia.

Kisha ua. Hufunguka kwa mwanga mkali, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, hujifunga alasiri, na kila ua huishi siku moja. Siku ya mawingu halifunguki kabisa, kwa hiyo chavua haiharibiwi na mvua. Wavietinamu wamelipa jina la "saa nne" kwa sababu ya tabia hii. Ukitaka kuona jambo la ajabu, gusa nyuzi za chavua katikati ya ua kwa ncha ya unyasi: huinama polepole kuelekea upande ulioguswa, ndivyo zinavyompaka nyuki chavua. Rangi za petali pia ni za ukoo mmoja na zile za kiazisukari chekundu. Ponda ua jekundu kwenye kitambaa cheupe utaiona.

Kalenda ya hapa

Mvua za Lubumbashi huanza karibu na Novemba na kukoma Machi au Aprili, na jumla yake ni takriban milimita 1,200 kwa mwaka. Halafu kiangazi kirefu. Lakini kiangazi chetu kina baridi ndani yake: mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Portulaka haiogopi ukavu wa Julai, inaogopa baridi yake. Mbegu hutaka nyuzi 21 hadi 27 ili zichipue. Zikipandwa Juni zitakaa tu, na utamlaumu aliyekuuzia bure.

Wakati mzuri kwa anayeanza ni katikati ya Agosti. Miche huhamishwa mwisho wa Septemba na maua huja Oktoba, wakati bustani nyingine zimekauka. Wakati wa pili ni mwisho wa Februari, chini ya paa, ili mimea iwe tayari mvua zikipungua Aprili. Hiyo itachanua kidogo, itasimama wakati wa baridi, na itaamka tena Agosti ikiwa na mizizi iliyokomaa. Njia ya Februari ni ngumu zaidi kwa sababu ya unyevu, lakini anayefaulu huwatangulia wenzake kwa mwezi mzima.

Hatua ya kwanza: mahali

Linahitaji jua saa sita kwa siku, na likipata nane ni bora zaidi. Watu wengi hukosea kuhusu ukuta. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha karibu mita 1.4 upande wake wa kusini saa sita mchana, na kirefu zaidi asubuhi na jioni. Weka tuta kaskazini mwa ukuta, au mbali nao. Usiweke chini ya ukingo wa bati, kwa sababu mvua ya kwanza ya Novemba itachimba mtaro katikati ya maua yako.

Kabla ya kujenga tuta, pima udongo. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Kama katika mara ya pili maji hayafiki kushuka sentimita 2.5 kwa saa, hapo hapafai bila tuta la juu. Udongo mwekundu wa lupango uliofagiliwa na kukanyagwa miaka mingi karibu kila mara hushindwa jaribio hili.

Hatua ya pili: udongo

Kwa tuta la mita 2 kwa sentimita 60, kimo cha sentimita 20, unahitaji lita 240, yaani bidoni (madumu) 12 za lita 20:

- bidoni 7 za mchanga mnene wa mto, uliooshwa mpaka maji yatoke safi;
- bidoni 3 za udongo mwekundu uliochujwa;
- bidoni 2 za mboji au samadi iliyooza kabisa, isiyo na harufu.

Ongeza konzi mbili za majivu ya mbabula (jiko la makaa), kwa sababu udongo wetu mwekundu mara nyingi ni wa asidi. Zungushia matofali ya kuchoma, na acha mwanya wa upana wa kidole kati ya tofali na tofali ili maji yatoke. Chini kabisa, tifua ardhi kwa jembe sentimita 10 kabla ya kumimina mchanganyiko. Ukiuweka juu ya ardhi ngumu, maji yatasimama pale pale vinapokutana.

Wengine hupenda udongo wa kichuguu kwa sababu mahindi hustawi juu yake. Kwa mahindi ni kweli. Kwa portulaka ni mfinyanzi, hushika maji na hukauka kama tofali. Usizidishe bidoni moja, na uitoe kwenye hesabu ya udongo mwekundu.

Mambo mawili usifanye. Usitumie mchanga mweusi wa takataka za kuyeyushia madini, hata kama unapitisha maji vizuri. Na usichote udongo kutoka maeneo yaliyopigwa na moshi wa tanuru la zamani la shaba, hasa upande wa kaskazini-magharibi ambako upepo wa kiangazi ulikuwa unausukuma. Shaba nyingi hudumaza mizizi: inakuwa mifupi, minene, ya kahawia, na majani hugeuka njano ingawa umeweka mbolea. Hakuna dawa ya hilo isipokuwa kubadilisha udongo.

Katanga, eneo letu hili, ina ua lake dogo linalosoma udongo kwa niaba yetu. Ni Haumaniastrum katangense, ua la shaba, la jamaa ya mnanaa, ambalo huishi msimu mmoja na kustahimili shaba inayoua mimea mingine. Wachunguzi wa mambo ya kale wamelitumia kutafuta mahali ambapo wahenga waliyeyusha shaba. Ukiona kundi lake limejaa peke yake katikati ya ardhi tupu, acha udongo huo hapo hapo. Na uache maua hayo pia: vilima vya shaba vya Katanga vina mimea isiyoota popote pengine duniani, na vilima vyenyewe vinachimbwa. Aliye na hamu ya maua lupangoni atumie mbegu za portulaka, ambazo hazimpunguzii mtu kitu.

Asiye na nafasi ya tuta atumie chombo. Mbabula iliyochakaa ni chungu kizuri kuliko vingi vya dukani, kwa sababu ina matundu pande zote na mizizi hupata hewa. Weka tabaka la vipande vya tofali vya ukubwa wa yai chini, kipande cha gunia juu yake ili mchanga usivuje, kisha mchanganyiko ule ule. Bidoni iliyokatwa nusu inafaa pia, mradi uitoboe matundu kumi chini kwa msumari wa moto.

Hatua ya tatu: mbegu

Gramu moja ina mbegu karibu 10,000. Kwa mimea 30 ya tuta letu mbegu 100 zinatosha, na hizo hukaa kwenye ncha ya kisu. Changanya na vijiko viwili vya mchanga mkavu ili zitawanyike sawa.

Jaza trei ya kina cha sentimita 6, yenye matundu, kwa mchanga sehemu tatu na mboji iliyochekechwa sehemu moja. Mwagia maji yanayochemka na uache ipoe hadi kesho. Hayo hupunguza kuvu wanaoangusha miche. Lainisha juu kwa kibao, nyunyiza mbegu, zikandamize kwa kiganja, na usizifukie. Mbegu hizi huhitaji mwanga ili kuchipua. Kuzifunika kwa udongo ndiyo sababu kubwa ya trei tupu, na kumwagilia kwa kopo ndiyo ya pili, kwani maji huzisukuma zote kwenye kona moja. Weka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2 mpaka uso ulowe, kisha itoe.

Funika kwa plastiki angavu, weka penye mwanga bila jua kali. Usiku wa Agosti bado una ubaridi, hivyo ingiza trei ndani jioni. Miche hutokea baada ya siku 7 hadi 14. Siku hiyo hiyo toa plastiki. Ukiisahau siku mbili zaidi, utakuta miche imelala, shina limebanwa kama uzi usawa wa udongo. Toa iliyoanguka pamoja na udongo wake, acha uso ukauke, na usimwagilie mpaka kesho kutwa.

Ikiwa na majani manne, punguza ili ibaki sentimita 3 kati ya mmoja na mwingine. Ikifika sentimita 4 au 5, izoeze jua: siku mbili jua la asubuhi tu, siku mbili hadi saa sita, kisha kutwa nzima.

Hatua ya nne: kuhamisha

Hamisha jioni. Mistari mitatu, ya kwanza sentimita 10 kutoka ukingoni, nafasi ya sentimita 20 kila upande, na mstari wa kati upishane na wenzake. Shingo ya mche ibaki usawa ule ule iliokuwa nao kwenye trei, ukiizamisha itaoza. Mpe kila mche kikombe kidogo cha maji, karibu mililita 100, siku hiyo, na tena kila siku ya tatu kwa majuma mawili.

Tandaza changarawe ndogo ya sentimita 1 juu ya tuta. Usitandaze nyasi, maana hushika unyevu shingoni. Kama una kuku, zungushia matawi ya miiba mapema: mchanga mlaini huwaita kuoga vumbi, na majani yenye maji huwaita kula.

Hatua ya tano: maji

Baada ya majuma mawili, tuta lote la mimea 30 linatosheka na lita 10 kwa juma, Septemba na Oktoba. Juni na Julai mpe kiasi hicho kila baada ya majuma mawili au matatu. Chombo cha lita 5 kipewe nusu lita, pale tu kidole kikiingia pingili mbili na kutoka kikavu. Mwagilia asubuhi, chini, bila kulowesha maua.

Dalili za kiu na dalili za kuoza hufanana kwa mbali, na hapa ndipo maua mengi hupotea. Jani lenye kiu huwa jembamba, lina mikunjo, limeshikilia shina kwa nguvu, na udongo ni mkavu. Jani linalooza huwa la njano au kama limechemshwa, huanguka ukiligusa, shina chini ni jeusi na laini, na udongo una unyevu. Kwa la kwanza, maji. Ndani ya siku moja mbili jani hujaa tena. Kwa la pili, maji ni sumu: kata matawi ya juu yaliyo mazima, yafanye vipandikizi, na ung'oe shina la zamani.

Mbolea ni kidogo sana. Vifuniko vinne vya soda vya NPK 17-17-17, kama gramu 20, kwa tuta lote, mara moja, vitumba vya kwanza vinapoonekana. Anayerudia kila mwezi atapata matawi marefu na laini, majani mengi na maua ya kuhesabu. Matawi yakirefuka na kuwa tupu katikati, yakate yabaki nusu. Yatachanua tena baada ya majuma matatu hivi.

Wadudu si wengi. Vidukari na wale weupe kama pamba kwenye vikwapa vya majani, wapulizie gramu 5 za sabuni ya kipande iliyoyeyushwa katika lita ya maji, jioni, na suuza asubuhi. Konokono huja na mvua; waokote usiku kwa tochi. Malengelenge meupe chini ya majani ni kuvu: ng'oa mmea huo na uuchome, usiutie kwenye mboji.

Hatua ya sita: mvua zinapofika

Kuanzia Novemba mawingu huyafunga maua siku nyingi, na tuta hulowa bila kupumzika. Unaweza kusimamisha plastiki angavu juu ya vijiti, sentimita 40 juu ya mimea, pande zote zikiwa wazi. Inasaidia, lakini dhoruba zetu huipasua. Njia ya uhakika ni kuokoa mmea mama na kuliacha tuta: kata vipandikizi kumi vya kila rangi unayoipenda, uviweke kwenye mbabula barazani palipo na jua la asubuhi, na ukubali kwamba tuta litajirudia Agosti.

Kipandikizi kiwe na urefu wa sentimita 7 hadi 10, bila ua. Ondoa majani ya sentimita 3 za chini, kilaze kivulini siku nzima ili jeraha likauke, kisha kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Siku tatu za kwanza usikipe maji hata tone. Mizizi hutoka ndani ya majuma mawili. Vipandikizi ndivyo vinavyohifadhi rangi na wingi wa petali. Mbegu za ua la tabaka nyingi huzaa mchanganyiko, na mengine hurudi kuwa ya petali tano.

Mbegu za mwaka ujao

Siku chache baada ya ua kunyauka hubaki kitumba kidogo chenye kifuniko kama cha sufuria. Kikigeuka rangi ya majani makavu, kifuniko hufunguka chenyewe kwa mzunguko na mbegu zenye mng'ao wa risasi humwagika kwa upepo mdogo tu. Usisubiri hapo. Kila asubuhi, kabla ya jua kukausha vitumba, pita na kikombe chini ya tawi, na ugonge kwa kidole vile vilivyokwisha kuwa vya njano. Zianike kwenye karatasi siku tano kivulini, pepeta maganda kwa pumzi ndogo, zitie kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa mwezi na rangi, na bahasha hiyo ndani ya chupa kavu yenye kipande cha makaa cha kunyonya unyevu. Plastiki iliyofungwa mbegu zikiwa bado mbichi huziozesha kabla ya Krismasi.